Kijipu Kilichooshwa kwa Maji Yangu

Miaka saba mume wangu Gerishom alikiosha kijipu, gari la watu, kwa maji yangu. Nasema yangu kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikipanga foleni bombani hapa Kisumu Ndogo, Malindi, nikilipia debe moja moja na kulibeba kichwani. Yeye akirudi jioni kutoka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kabla hajasema hata hamjambo, anachukua madebe mawili, anatandika gunia, analala chali chini ya gari na kulisugua tumbo.

"Baba Easter," nilikuwa nikimwambia, "hilo gari ni lako?"

"Si langu."

"Basi mwache mwenyewe aje aliogeshe!"

Anaendelea kusugua. Jirani yangu Kadii alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Idah, mumeo ana mke wa pili, na anamuogesha kwa jasho lako!" Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa napandwa na hasira mpaka nasahau ugali jikoni.

Mwenyewe alikuwa Bwana Thuku, tajiri aliyemwajiri Gerishom awe dereva wa kupelekea vibarua wa chumvi mikate na unga. Alilinunua jipya mwaka wa themanini: kijipu kidogo cha kijani, milango miwili, magurudumu yote manne yakivuta kwenye matope. Alitoa elfu sabini na tano, Malindi nzima ikajua.

Nami nilikuwa nauza mahamri kando ya kituo cha petroli, pale madalali wa magari wanapokunywa chai ya asubuhi, kwa hiyo bei za magari nilizijua kama bei ya unga. Gari kama lile, waliniambia, hupoteza thamani nyingi mwaka wa kwanza hata kama halijakwaruzwa, kwa kuwa limeshaacha kuwa jipya. Baadaye linateremka polepole. Moja la kukodisha watalii liliuzwa elfu arobaini baada ya miaka mitatu tu. La muuguzi mmoja wa Kilifi, la miaka mitano, lilipata hizo hizo arobaini kwa kuwa halikupita mikono mingi. Je, lililofanya kazi chumvini? "Hilo, mama," wakacheka, "chumvi imeshalila, uza kwa kilo."

Mwaka wa themanini na saba Bwana Thuku akatangaza kwamba anafunga kazi, anauza gari na kurudi kwao Murang'a. Kwetu Maragoli shamba lilikuwa limegawanywa kwa ndugu sita, na fungu letu lilitosha migomba minne. Tukilipata gari lile, Gerishom angepeleka mikate mwenyewe, na Easter wetu angemaliza shule hapa hapa. Tukilikosa, ni kufungasha turudi huko. Akiba yetu yote ilikuwa elfu ishirini na mbili. Bwana Thuku alitaka thelathini na tano.

"Umeona?" nikamwambia Gerishom. "Umeliosha mpaka limetushinda bei! Ungeliacha lioze kidogo, leo lingekuwa letu."

Kesho yake akaliosha tena.

Akaja Mzee Mwambire, mwenye duka huko Rabai, kuliangalia. Nilikuwapo na beseni langu la mahamri. Alilizunguka, akapiga teke gurudumu, akauliza limefanya kazi wapi.

"Chumvini, Gongoni," Gerishom akasema.

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mara mwanamume huyu, haki ya Mungu, akafungua mdomo tena. "Lakini chini halina kutu hata kidogo, mzee. Nimeliosha kila siku. Lala kwenye gunia hili ujionee mwenyewe."

Lo! Nilitamani kumrushia beseni zima.

Mzee Mwambire akaitazama suruali yake iliyopigwa pasi, akamtazama Gerishom, akaangua kicheko. "Gari la chumvini lisilo na kutu! Kijana, tajiri wako amekununulia soda ngapi useme hivyo?"

Gerishom akaapa. Alivyozidi kuapa ndivyo mzee alivyozidi kurudi nyuma, mpaka akaenda zake. Wa pili alitoka Kilifi, yakawa yale yale. Wa tatu alisikia tu jina la Gongoni, hakuizima hata pikipiki yake.

Zikiwa zimebaki siku mbili asafiri, Bwana Thuku akaja kwetu. "Gerishom, una ngapi?"

"Ishirini na mbili, bwana. Lakini thamani yake inazidi hapo. Gari hili ni zima."

Nikamkanyaga mguu kwa nguvu.

"Najua ni zima," Bwana Thuku akasema. "Miaka saba naliona shati lako limelowa mgongoni. Wenzangu kule chumvini wamebadilisha magari mara mbili, mimi hata kiraka cha bati sijaweka. Faida yangu nimeshaila. Lete hizo ulizo nazo."

Nililia mbele yao, wala sioni haya kusema. Nilimshukuru Bwana Thuku, nikamshukuru Mzee Mwambire na suruali yake ya pasi, na zaidi ya wote nikamshukuru mume wangu, asiyeweza kunyamazia ukweli hata njaa ikiwa mlangoni.

Wiki iliyofuata alirudi kutoka Gongoni na kijipu chetu, amechoka hoi, akaketi kwanza anywe chai. Nikachukua madebe mawili, nikatandika gunia, nikajilaza chini ya gari. Sikuwa nimewahi kuliona kwa chini. Rangi ya kiwandani ingali pale, kila parafujo iko mahali pake. Maji yangu ya miaka saba yalikuwa pale, hata debe moja halikupotea.

"Mama Easter, toka huko! Unafanya nini?"

"Nyamaza, wewe," nikamwambia. "Kunywa chai yako. Maji ni yangu."