Vali Arobaini za Glenys

Kwa miaka ishirini na mitatu Glenys Tranter alipima vali za ndege katika kiwanda kimoja cha Wolverhampton, jengo la pili, ukuta mmoja na wale wanaounda mitambo ya kupoza. Kazi yake ilikuwa kufunga vali kwenye benchi, kuisukumia hewa, kutazama geji ya shinikizo na kusikiliza kama inavuja. Sikio lake liliaminiwa kuliko geji. Hata mafundi wenye vyeti walimletea vali wakisema, "Hebu isikilize hii, mama."

Jumamosi moja ya Novemba alishindwa kutulia. Mumewe, Clive, alikuwa akisikiliza mpira redioni, naye akawa anaingia na kutoka, birika limechemka mara tatu na chai haijamiminwa.

"Kaa basi, mke wangu! Unanichosha macho."

"Ile vali ya mwisho jana ililia, Clive. Sssss, kidogo tu. Geji ikasema nzima, nami nikaigonga mhuri."

"Si geji imeshasema?"

"Geji haipandi ndege."

Jumatatu alifika lango bado limefungwa. Kreti la vali alizozipima Ijumaa lilikuwa limekwisha kuondoka. Akamfuata msimamizi, Desmond Pugh.

"Nirudishe vali arobaini, Glenys? Kwa mluzi uliousikia peke yako?"

"Mhuri ni wangu, Desmond."

Pugh akasonya, akainua simu. Kreti likarudi Jumatano. Wenzake wakamzunguka wakimtania kwamba siku hizi anasikia mizimu. Akapima moja baada ya nyingine, na kila moja ikalia: ya kwanza, ya kumi, ya arobaini. Pugh akapaka maji ya sabuni kwenye maungio. Hapakutoka hata povu moja.

Glenys akafunga hewa. Benchi likanyamaza kimya. Mluzi ukaendelea.

Hakuna aliyejua ila yeye. Angeweza kucheka nao, akarudi kitini mwake.

"Vali ni nzima," alisema. "Kibovu ni sikio langu. Nitoe hapa."

"Usiseme hivyo, mama. Mwone daktari kwanza," alisema Pugh.

"Nitamwona. Lakini nitoe leo."

Daktari hakuwa na dawa. Wakampeleka kwenye mitambo ya kupoza, kukaza mabomba, kazi ya vidole. Kila mchana aliacha chakula chake akaenda kusimama mlangoni pa jengo la pili, akimnyooshea shingo Ivy Cheadle aliyekabidhiwa benchi.

"Glenys," Ivy alimfokea siku moja, "ama uingie unifundishe, ama ukale mkate wako!"

Akaingia, akavuta kiti.