Goti Yenye Mama Aliponya

Ukiniona leo nikishuka ngazi za soko hapa Machakos, kando-kando kama kuku amefungwa mguu, huwezi kuamini mimi ndio nilikuwa bingwa wa tenisi wa wanawake, Kenya nzima, miaka miwili ikifuatana. Hata mimi saa zingine naona ni kama ninajidanganya. Lakini kikombe kiko kwa mama. Anaweka vijiko ndani.

Shule niliacha kidato cha pili, kwa hivyo ukipata makosa hapa chukua tu, ni ya bure.

Baba alikuwa mtunza uwanja kwa klabu ya zamani hapa mjini. Uwanja wetu haukuwa wa simiti. Ulikuwa wa udongo wa kichuguu. Unachimba, unaponda, unachekecha, unamwaga maji, halafu unavuta rola mpaka mgongo unalia. Hapo ndio nilijifunza, na raketi mtu alikuwa ametupa. Na kwa udongo ya kichuguu haukimbii tu, unateleza. Mpira iko mbali, unatupa mguu mbele, unateleza hatua mbili, unafika kabla ya mpira kushangaa. Wasichana wa Nairobi walikuwa wanasema nacheza kama mtu amekanyaga ganda la ndizi. Niliwapiga wote na hiyo ganda yangu.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Baada ya kikombe cha pili nikaitwa Nairobi kufanya mazoezi na wale walikuwa wanatafutwa kwa timu ya kwenda kucheza nje. Huko uwanja ni simiti. Hakuna mtu aliniambia simiti haitelezi, na mimi na akili yangu ya kidato cha pili sikuuliza. Siku ya kwanza, mpira ukaenda kona, nikatupa mguu vile nimezoea. Kiatu kikashika. Mguu ukabaki pale, mimi nikaendelea na safari.

Daktari alinifunga bandeji akaniambia, "Wiki sita. Usikimbie, na mtu asikande hiyo goti."

Timu ilikuwa inachaguliwa baada ya wiki tatu. Hesabu sijui sana, lakini hiyo niliweza.

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa tayari ametuma mtu Ndithini aite shangazi yake, mzee wa kukanda mifupa, sisi tulikuwa tunamwita susu, yaani nyanya. Susu aliangalia goti akasema, "Imetoka kwa nyumba yake. Siku tatu, utaruka kama mbuzi."

"Daktari amesema isiguzwe," nikasema.

"Huyo daktari ndio alikuzaa?" mama akauliza.

Tukacheka wote. Sitaki kuwawekelea lawama. Bandeji niliifungua mwenyewe, na mikono yangu.

Asubuhi tatu susu alinikanda na mafuta ya mbarika. Mama alikuwa anashika mguu chini, anaangalia vile kidole gumba inapita ndio ajifunze. Nilikuwa nimeuma leso. Siku ya tatu kitu ndani ya goti ikalia, kama ganda la mbaazi kavu ikipasuka.

"Mmesikia?" susu akasema. "Imeingia!"

Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza ni nani ameolewa. Akaniinamia usoni, akaniita mwiitu, yaani binti. "Imeingia, mwiitu?"

Nilikuwa naona nyota mchana. Lakini ile uso yake ilikuwa na furaha sana.

"Imeingia, mwaitu," nikasema, yaani mama yangu.

Siku ya kuchaguliwa nilicheza gemu nne. Ya tano, nikifuata mpira rahisi, hata mtoto angefika, goti ikaenda upande yake na mimi yangu. Daktari wa pili alipiga picha, akaangalia, akauliza ni nani alikanda hii kitu. Alisema ile kano ya ndani ilikuwa imeraruka kidogo, sasa imekatika yote. Nikamwambia ni mimi mwenyewe, niko na vidole vya nguvu. Hakucheka.

Nyumbani nilifika na magongo. Mama akasimama mlangoni.

"Ni nini tena?"

"Ni simiti, mwaitu."

"Aiya! Na tulikuwa tumeiponya!"

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Sikucheza tena. Nilifundisha watu wa klabu kushika raketi, mimi nimesimama mahali pamoja kama kigingi.

Susu alipokufa, mama akachukua kazi yake. Watu walikuwa wanatoka mpaka Masinga na bega, na kifundo cha mguu. Anatoa vijiko, anawaonyesha kikombe. "Hii mikono ilitengeneza bingwa. Muulize." Mimi nasema ni kweli, natupa mzaha, wanacheka. Kifundo kikiteguka kidogo hupona chenyewe, nilikuwa najiambia, kwani ninaumiza nani? Na kila nikimtembelea nakaa kwa stuli, napandisha sketi, ananikanda goti polepole ndio baridi isiingie. Miaka kumi na mbili hivyo.

Halafu Jumamosi moja nikapata mama mmoja ameleta msichana wake. Mkimbiaji wa shule, alikuwa na mashindano mbele, goti imefura kama papai. Mama yangu alikuwa ameshamwaga mafuta kwa mikono.

"Anaogopa huyu," mama akaniambia. "Mwambie vile nilikuponya."

Msichana akaniangalia. "Ulicheza tena?"

Miaka hiyo yote hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Nikatafuta mzaha. Mimi hukosa vitu vingi, lakini mzaha sijawahi kukosa. Nikakosa.

"Gemu nne," nikasema. Halafu, "Mwaitu, wacha. Haikuwa simiti."

Akabaki na mikono juu, inang'aa.

"Ile kitu ililia siku ya tatu haikuwa inaingia. Ilikuwa inakatika."

"Uliniambia imeingia."

"Nilikuambia."

"Nikapiga vigelegele."

"Ndio, mwaitu."

Yule mama alimshika msichana wake mkono wakaenda hospitali, hata kwaheri hawakusema. Sijui ilienda aje. Mama alipanguza vidole na leso, moja moja, kama hajui ni vya nani. Chupa ya mafuta akaimwaga nyuma ya choo.

Hajakanda mtu tena. Nikienda bado nakaa kwa ile stuli, na mkono wangu, mjinga kama mimi, unaanza kupandisha sketi. Mama ananiletea chai. Naichukua, nasema kitu ya kuchekesha. Anaangalia goti, halafu anaangalia mlango.