Mtaalamu na Sehemu Aliyoiita Takataka

Shuleni kwetu yupo mwalimu wa jiografia ambaye hakuna anayemwita kwa jina lake. Tangu aliporudi kutoka semina ya kompyuta na cheti chenye mhuri unaong'aa, yeye ni Mtaalamu, na asiyemwita hivyo hapewi hata karatasi ya kuchapia mtihani. Cheti amekitundika kwenye ofisi ndogo ya kompyuta, juu kidogo ya picha ya Mkuu wa Shule. Flashi zake huzivaa shingoni kama refa avaavyo filimbi. Ukimuuliza kwa nini ratiba imechelewa, atakujibu, "Mfumo." Ukimuuliza kwa nini chai haina sukari, atafikiri kidogo, kisha atakwambia, "Hilo nalo ni la kimfumo."

Kompyuta ile ni mali ya shule, lakini neno la siri la kuifungulia analijua yeye peke yake. "Usalama," husema, huku akifunika kibodi kwa kiganja kama mtoto anayeogopa kuibiwa majibu. Diski yake aliigawa sehemu mbili. Moja aliiachia programu. Ya pili, alimoweka kila kitu cha thamani, aliipa jina Takataka. Alitueleza mwenyewe kikaoni, akicheka kwa kujipongeza: "Mwizi akifungua akaona Takataka, ataipita tu. Hiyo ndiyo akili."

Muhula huu alitutaka tumkabidhi alama zote za kazi za vitendo za darasa la mwisho. Akaziingiza kwenye mashine, halafu akaagiza karatasi zichomwe kwenye shimo nyuma ya vyoo. Mwalimu wa kemia akauliza kama hatuwezi kubaki na nakala.

"Mwalimu mwenzangu," Mtaalamu akamjibu kwa huruma, "unaishi karne gani?"

Tukachoma. Wote tuna digrii, na tukachoma.

Wiki ya kupeleka alama ilipofika, kompyuta ikaanza kujivuta. Mtaalamu akaingia asubuhi kuisafisha. Kwa maelezo aliyokuja kuyatoa baadaye, aliona sehemu imejaa pomoni, jina lake Takataka, akaudhika kweli kweli: nani huyu anayejaza uchafu kwenye mashine yangu? Akaamuru ifomatiwe. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Masikini mashine, haikujua ilikuwa inamuuliza nani. Mtaalamu huwa ana uhakika.

Alipotambua alichokifuta, alitoka mbio kwenda kwa Mkuu, na mlangoni akapata wa kumbebesha mzigo: mama wa usafi, ambaye ndiyo kwanza amemaliza kufuta meza za korido ile.

Tukaitwa wote kwenye chumba cha walimu.

"Mkuu, huyu mama amepitisha kitambaa kibichi kwenye kibodi," Mtaalamu akasema. "Maksi zote zimekwenda."

"Mimi, Mwalimu?"

"Nani mwingine? Maji na mfumo havipatani."

Mama akakiinua kitambaa chake sote tukione. "Hiki? Kimeshindwa kufuta doa la chai kwenye meza ya Mkuu mwaka mzima, leo ndiyo kifute maksi za darasa zima?"

Tulicheka. Mkuu hakucheka, maana doa lilikuwa lake. "Mama, nenda nyumbani kwanza," akasema. "Maksi zisipopatikana, usirudi."

Hakuna aliyekuwemo mle asiyejua kwamba mashine ile haifunguki bila neno la siri la Mtaalamu. Kila mmoja akaangalia viatu vyake. Sijui shule inafundisha nini ikiwa waliosoma wote tunaweza kukaa kimya mbele ya mwanamke mmoja mwenye ndoo, anayetoka taratibu bila kuaga.

Kesho yake Mkuu akaleta mhandisi wa kompyuta, dada mwenye ulimi mkali aliyewahi kusoma hapa hapa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu," Mtaalamu akaitikia. "Nakukumbuka. Ramani zilikushinda."

"Lakini njia ya kuja nimeipata, Mwalimu."

Mkuu aliamuru projekta iwashwe, ili tuone wenyewe hasara iliyoletwa na kitambaa. Mhandisi akaikagua, akaona sehemu ile imefomatiwa, akatueleza kwamba kufomati si kuchoma. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu: kurasa nyingine zipo, ila mashine haijui tena ziko wapi, nayo inaziona ni nafasi tupu. Ukiweka kitu kipya, kinakaa juu ya cha zamani, na kilichokaliwa hakirudi.

"Kuna kitu kimeandikwa humu tangu jana?" akauliza.

"Hakuna," akasema Mtaalamu.

"Hata kimoja?"

"Binti yangu, unaongea na mtaalamu."

Mhandisi akachomeka diski yake ya nje, ili vitakavyookolewa viwekwe huko visije vikafuta wenzao, akaiacha programu ichimbe. Tulikwenda kufundisha, tukarudi alasiri.

Faili zilirudi bila majina, namba tupu. Za kwanza zilikuwa picha: Mtaalamu kando ya cheti chake. Mtaalamu amekunja mikono. Mtaalamu ameshika kidevu, anawaza. Mtaalamu yule yule, sasa na miwani.

"Ndiyo hizi siri zilizokuwa zinalindwa?" akauliza mwalimu wa kemia.

"Nilikuwa najaribu kamera."

Kisha zikaja alama za mkondo A, zimetimia. Mkondo B, zimetimia. Tukashangilia kama tumefunga goli. Faili ya mkondo C ikafunguka ikawa herufi za ajabu ajabu, visanduku na mikwaju.

"Hapa pamekaliwa," mhandisi akasema. Akaifungua Takataka yenyewe. Ndani mlikuwa na video moja. Akaibonyeza. Ukutani akatokea Mtaalamu kwenye harusi ya mpwa wake, anacheza, jasho linamtiririka, flashi zinaruka shingoni. Pembeni palionyesha wakati ilipowekwa humo: jana, alasiri.

"Nilikuwa naipima tu kama inafanya kazi," Mtaalamu akanong'ona.

"Inafanya," akasema mhandisi.

"Mkuu," akasema mwalimu wa kemia, "jana alasiri mama alikuwa kwake. Ulimfukuza asubuhi."

Mkuu akamgeukia Mtaalamu, polepole. "Na hiyo asubuhi, nani aliyeifungua mashine? Neno la siri si unalo wewe tu?"

Hapo ndipo tulipopewa yale maelezo. "Nililiona jina," akamalizia, "nikasahau kuwa nililiweka mimi."

Mkuu alitaka yaishe kimyakimya. Akatuma ujumbe mama arudi kazini. Mama akarudi, lakini hakushika ufagio. Alisimama mlangoni mwa chumba cha walimu, ndoo mkononi.

"Nilishtakiwa hapa, mbele ya hawa. Nataka nisikie hapa."

Mtaalamu akasafisha koo. "Mama, kulitokea hitilafu ya kimfumo."

"Huo mfumo una miguu? Uliingiaje ofisini?"

Safari hii hatukuangalia viatu. Tulimwangalia yeye.

"Ni mimi, mama. Nilifuta mimi. Unisamehe."

"Haya," akasema mama, akaenda kuchota maji.

Mkondo C wanarudia kazi zao juani, na Mtaalamu ndiye anayewasimamia. Mkuu amependekeza apelekwe semina nyingine. Mama hufuta kila meza ya shule, hata lile doa la chai siku hizi analipigania, isipokuwa kompyuta ile. Kibodi imeota vumbi. Kila asubuhi Mtaalamu huipuliza mwenyewe kwa mdomo, vumbi likamrudia usoni, akakohoa.