Aliyegeuza Karatasi

Juzi, kwenye simu ya binti yangu, niliona watu wakipiga piano na violoni, na pembeni kasimama mtu wa kuwageuzia karatasi za nota. Makofi yalipoanza, akajificha nyuma ya pazia. Niliizima ile simu kwa hasira, nikimkumbuka baba.

Kiangazi kimoja, nikiwa mtoto, wageni watatu walikuja kupiga muziki kanisani kwetu, Kasongo. Baba, mpiga violoni pekee wa parokia, alijizoeza wiki nzima ili apige pamoja nao, hata nyumba ikanuka utomvu aliopaka kwenye upinde wa violoni. Wageni walimsikiliza kidogo, wakatabasamu. Padri akamwambia, "Papa, wewe utawageuzia tu karatasi. Upepo iko mukali."

Wao waliketi, baba akasimama. Katika korali yetu anayesimama mbele ya wengine ni maestro, basi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

"Baba, kumbe weye ndiye mukubwa wao!" nilimwambia njiani.

"Ndiyo, mama," alinijibu, macho kwenye vumbi.

Violoni aliisukuma chini ya kitanda, mchwa wakaila. Nami, mpaka tulipomzika, nilimwita Maestro mbele za watu, na kila mara aliitika.