Mguu wa Abti

Abti, ndugu wa mama yangu, alipigwa teke la tumbo na ngamia jike aliyemlea mwenyewe tangu ndama. Ilikuwa mtoni Tana, saa ya kunywesha, na shahidi pekee nilikuwa mimi, mtu mbaya kuliko wote. Shuleni natunga nyimbo za kuwacheka watu. Mwalimu wa hesabu bado anaimbiwa ule wa suruali yake. Na kwetu mchunga ngamia akishaimbwa mtoni, wimbo unamfuata mpaka Modogashe.

Abti aliinuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Ukiniimba, mimi si abti wako tena."

Nikaapa. Ndiyo ahadi pekee niliyowahi kutimiza.

Siku ya tatu mguu wake wa kushoto ulivimba kutoka kinenani hadi vidoleni, ukaiva rangi ya wino wa shule. Tumboni hapakuwa na hata mchubuko. Mama akasema ni baridi ya mto, akanipa samli nimkande. Nikakanda asubuhi na jioni, kwa nguvu zote, nikimwambia sasa amepata mguu wa kiboko. Alicheka meno yameumana.

Uvimbe ulipokataa kushuka, tulimpeleka zahanati. Dresa, mhudumu wa pale, mtu wa bara asiyejua Kisomali, alinifanya mkalimani. Alitafuta alama ya jino la nyoka, akatafuta mwiba, hakuona kitu. Akauliza kama mgonjwa amepigwa au ameanguka popote. Abti akanitazama.

Nikasema hapana.

Tuliambiwa tumngoje daktari anayezunguka. Tukangoja siku nne, nami nikikanda. Daktari alipofika hakushughulika na mguu kwanza. Alibonyeza tumbo, chini ya kitovu, Abti akaguna. Aliponigeukia nilimwaga yote, mpaka kile kiapo.

Akaeleza taratibu kwamba teke lilipondaponda mshipa mkubwa ndani ya nyonga, ule unaorudisha damu ya mguu, na damu imeganda humo. Jambo la nadra, alisema. Yeye mwenyewe ameliona mara moja tu.

"Mguu huu usikandwe kabisa. Donge likisukumwa, litapanda kifuani."

Niliweka mikono nyuma. Ilikuwa bado inanukia samli ya asubuhi, na Abti alikuwa akikohoa tangu alfajiri.

Hakuifikia Alasiri.

Baada ya maziko wachunga ngamia waliniuliza pale mtoni ni nini kilichomuua. Nyuma yao ngamia yule alikuwa ameinamisha shingo, anakunywa.

Nikasema, mguu.