Chupa za Meza ya Kipaimara

Eliufoo alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya watalii mjini Moshi. Kwao Old Moshi, juu ya Kiboriloni, watu walimheshimu kwa shati lake jeupe lisilokunjamana. Miaka ile ya sabini kijiji kilikuwa kimepata bomba. Wanakijiji walichimba mtaro wenyewe kutoka kwenye chemchemi ya msituni, na jiwe likamponda mguu baba mkwe wake, Mzee Gidioni, ambaye tangu hapo alitembea akichechemea. Eliufoo hakuchimba. Kila mara alikuwa zamuni.

Mkewe, Tabitha, aliyachemsha maji ya bomba, akayachuja kwa kitambaa safi na kuyatia mtungini. Yalikuwa baridi na matamu. Lakini Eliufoo aliwaona watalii wakinywa ya chupa tu, na kidogokidogo akaanza kuuonea haya ule mtungi.

Mpaka wa Kenya ulipofungwa, maji ya chupa, yaliyokuwa yakitoka huko, yakaadimika. Hapo hotelini pakaanza jambo ambalo halikutangazwa: chupa tupu zilioshwa, zikajazwa maji ya bomba yaliyopita kwenye chujio kubwa la jikoni, zikarudishwa mezani. Aliyezijaza kila asubuhi ni Eliufoo.

Binti yao alipopata kipaimara, Eliufoo alimwalika meneja wake. Alileta chupa kadhaa kutoka kazini, akazipanga kwenye meza ya wageni wakubwa, na mtungi akauhamishia nyuma ya nyumba. Tabitha alimtazama, akaendelea kumenya ndizi.

Chakula kilipokuwa kikiendelea, Mzee Gidioni, aliyeketi kando ya meneja, alisogeza chupa pembeni na kumwomba Tabitha maji ya mtungini. Tabitha akaleta jagi. Eliufoo akalipokea njiani.

"Baba, haya ni ya kunawa," alisema, kwa ile sauti yake ya hotelini. "Ya kunywa ni hayo ya chupa."

Wengi wa meza ile walikuwa wamechimba mtaro. Wakaacha kula. Mzee akaweka kikombe chake chini.

Meneja hakuelewa kilichokuwa kikitokea. Alijimiminia, akaonja, akatabasamu. "Eliufoo, kumbe umetuletea maji ya chujio letu mpaka huku?" Akawaeleza waliomzunguka, kama mtu anayesimulia ujanja wa mjini, kwamba siku hizi chupa wanazijaza wenyewe. Mama mmoja akauliza wanajaza maji gani.

"Ya bomba, mama. Si yanashuka kutoka huku kwenu mlimani?"

Mtu mmoja alianza kucheka, akajikatiza. Hakuna aliyemtazama Eliufoo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mzee Gidioni alinyoosha mkono, akalichukua jagi kutoka kwake, akammiminia meneja, kisha akajimiminia mwenyewe. Eliufoo akaaga kwamba anakwenda kumwangalia ng'ombe. Alibaki zizini mpaka wageni walipoanza kuondoka, akimkatia majani ng'ombe aliyekwisha kushiba.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa mkwewe. Alikuwa ametayarisha maneno mengi, juu ya kazi yake na adabu za wageni, lakini baada ya shikamoo yote yalimwishia. Akasema tu kwamba amewakosea.

Mzee alikuwa akinoa panga, wala hakuacha. "Ungekuwa hujui, ningekueleza," alisema. "Lakini ulijua."

Kisha akamwambia tangi la juu la bomba la kijiji limejaa tope na Jumamosi wanakwenda kulisafisha. Eliufoo akabadilishana zamu na mwenzake, akaenda. Alichota tope akiwa amezama magotini katika maji ya baridi kali. Watu walimpa sepetu, wakamgawia ndizi za kuchoma, wakazungumza naye habari za kahawa. Hakuna aliyegusia ile sherehe. Angependa wamseme, yaishe.

Nyumbani mtungi ulirudishwa sebuleni, na tangu hapo kila mgeni, hata mchungaji, alipewa maji hayo yaliyochujwa. Hotelini ikawa taabu. Asubuhi akishika chupa mbele ya chujio alihisi uso ukiwaka, na mtalii akisifu maji aligeuka haraka kwenda jikoni. Mwishowe aliomba ahamishiwe kwenye kubeba mizigo. Meneja alishangaa, kwa kuwa mezani ndiko kwenye bakshishi, lakini akamkubalia. Majirani walipouliza, Eliufoo alisema amechoka kusimama. Tabitha hakuuliza.