Mbuzi wa Pembe Moja na Chembe za Mwende

Enzi zetu, sisi tuliokulia vilimani nje kidogo ya mji wa Machakos, mzazi hakuhitaji kamera ukutani wala simu ya kumfuatilia mtoto. Mama yangu alikuwa na njia yake. Mkishukiwa jambo, mmoja anabaki jikoni kwenye moshi, mwingine anapelekwa nyuma ya ghala la mahindi, mbali kiasi cha kutosikia hata kikohozi. Kisha Mama anaanza kuuliza, huku swali hili, kule swali lile. Washukiwa wa kudumu tulikuwa mimi na dada yangu Kalondu, ambaye tulipishana kwa mwaka mmoja tu na kuvaliana nguo. Na siku moja majibu yetu ndiyo yaliyoamua kama nyanya yetu angeendelea kuishi nasi au angeondoka.

Lakini nianze na mchezo. Tulikuwa tukitumwa dukani chumvi na mafuta ya taa, na njiani palikuwa na uwanja wa shule, na uwanjani daima walikuwapo wasichana wakiruka blada, ile kamba ya mpira tuliyoikata kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Nani angepita tu? Tuliruka mpaka vumbi jekundu likatufika kwenye nyusi. Jua likishuka ndipo tunakumbuka chumvi, na hapo kikao cha kupanga uongo kinafanyika tukikimbia. Tunakubaliana kwamba mwenye duka alikuwa amefunga, ameenda mazishini, tukamngoja. Uongo safi kabisa.

Mama anamuuliza Kalondu jikoni: "Na mbwa yake, mliipata imefungwa ama ilikuwa inatembea?" Kalondu anasema imefungwa. Mama anakuja nyuma ya ghala, ananiuliza mimi lile lile, nami kwa madoido yangu nasema ilitukimbiza mpaka nikapoteza kiatu. Kwisha. Safari iliyofuata tulipanga hadi mbwa, Mama akauliza rangi ya leso ya mke wa mwenye duka. Tukapanga na leso, akauliza nani alifungua mlango. Mpango wowote uliotoshea vichwani mwetu haukutosha maswali yake. Adhabu ilikuwa kutwanga muthokoi, kukoboa mahindi kwenye kinu hadi viganja viote malengelenge, kisha jioni tunayala yakiwa yamechemshwa na maharagwe. Mpaka leo sijaonja chakula kitamu namna ile, ingawa niliapa kila mara kwamba sitakigusa.

Haya yote yamenirudia kwa sababu ya binti yangu Mwende. Anasoma fizikia chuo kikuu, na alipokuja likizo hapa kwangu Mumbuni alikuwa na jambo moja tu mdomoni. Lina jina refu la Kiingereza, nami kwa Kiswahili changu cha fundi cherehani nimeliita kutofungwa na mahali. Aliniambia kuna chembe ndogo mno, ndogo kuliko kitu chochote nitakachowahi kupitisha kwenye tundu la sindano. Zinazaliwa mbili pamoja, kisha zinatenganishwa, moja huku na nyingine mbali kabisa. Kila moja inapimwa, na kupimwa huko ni kama kuulizwa swali. Majibu yake yanaoana.

"Si zimepanga?" nikamwambia.

"Hapana, Mama. Hiyo ndiyo maneno yenyewe. Hazijapanga."

"Basi zimepigiana simu."

Akacheka. Akasema hata mwanga, ambao hakuna kinachoupita mbio, haukupewa muda wa kutoka kwa moja hadi nyingine. Nikaitikia kwa kichwa kama vile watu wanavyoitikia mahubiri marefu, naye akaniona. Vijana wa leo wana subira kidogo sana. Akitafuta kitu kwenye simu kikachelewa kufunguka, anaguna kama mtu aliyetoka kuchota maji mtoni. Lakini siku hiyo alikaa, akasema, "Sawa, sasa niambie ni wapi umepotelea."

Ndipo nikamsimulia habari za ghala na ile mbwa, kisha habari ya mbuzi.

Nyanya yetu tulimwita Susu, kama Wakamba wote wanavyomwita nyanya. Alikuwa mama yake baba, na alilala chumba kimoja na sisi. Alinukia moshi na ugoro, na miguu yake ilikuwa baridi kama chungu cha maji, lakini hakuna aliyekubali kulala upande mwingine. Macho yake yalikuwa yameanza kuzima. Alikuwa amemwaga sufuria ya maharagwe, na mara nyingine shuka yake ilishika moto kidogo mekoni. Baba mdogo aliyehamia Yatta alikuwa akisema amchukue, na Mama, ambaye alishinda shambani na kurudi kukuta hasara, alikuwa amefika mwisho. Tulimsikia akimwambia Baba: "Akivunja kitu kingine, mimi nitakubali aende." Yatta kwetu ilikuwa kama ng'ambo. Usiku huo tulijibana kwa Susu.

Jumamosi moja jumuiya ya kanisa ilikuwa ije kusali kwetu. Mama alikuwa ameitoa kabatini chupa ya chai yenye maua mekundu, ambayo ilitumika kwa wageni peke yao, akaijaza chai, akaenda kukopa vikombe. Mimi na Kalondu tuliporudi na kuni tulimkuta Susu ameketi mekoni, mikono imefunguka mapajani, vigae vya kioo vimetapakaa miguuni pake. Tukatupa kuni, tukaanza kuokota. Kabla hata hatujatazamana, lango likalia. Mama alikuwa amerudi.

Hakupiga kelele. Alimshika Kalondu mkono akampeleka nyuma ya ghala, akarudi kwangu jikoni.

"Nani amevunja chupa yangu?"

Sijui neno lilitoka wapi. "Ni mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Ile ya jirani. Ile ya pembe moja."

"Iliingia na mlango gani?"

"Wa nyuma."

"Na Susu alikuwa wapi?"

"Alikuwa nje, anaanika kunde."

Akaenda nyuma ya ghala. Mimi nilibaki nikiwaza leso, nikiwaza mbwa, nikiona tayari Susu akipandishwa kwenye gari na kifurushi chake. Mama akarudi na Kalondu, uso wake hausomeki. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akasema, "Haya. Hiyo mbuzi isirudi tena hapa," akachukua ufagio akafagia mwenyewe, akaenda kuazima chupa ya jirani. Kinu hakikuguswa jioni hiyo. Usiku nilimuuliza Kalondu alijibu nini. Alijibu mbuzi, wa pembe moja, mlango wa nyuma, kunde. Tuliogopa sana, tukacheka chini ya blanketi hadi Susu akatufinya.

"Umeona?" nikamwambia Mwende kwa majivuno. "Sisi ndio hizo chembe zako."

Mwende akatikisa kichwa, lakini macho yalikuwa yamewaka. "Subiri, Mama. Kwa nini nyote mlisema mbuzi?"

"Yule mbuzi alikuwa mwizi, kila siku alikuwa jikoni kwetu. Na Susu alizoea kuanika kunde saa hizo. Na tulimpenda. Hakuna aliyetaka aende."

"Basi mlikuwa na kitu ndani tayari, kabla ya kuulizwa. Hamkupanga kwa mdomo, lakini mlibeba kitu kimoja. Watu wametafuta kitu kama hicho ndani ya chembe. Wakazipangia maswali kama vile Shosho, mama yako, alivyokuwa anawapangia, huku hili, kule lile, maswali ambayo wawili wowote waliobeba majibu kutoka nyumbani lazima mara nyingine wakosane, kama nyinyi na ile mbwa. Chembe zinaoana kupita kiasi ambacho mpango wowote unaweza. Hazijabeba majibu na haziambiani." Akafikiri kidogo. "Mama, chembe hazina Susu."

Nikaweka chini kikombe. Hapo nililielewa, au tuseme nilielewa ni nini kisichoeleweka. Nikazionea huruma kidogo, lakini zaidi nilistaajabu, na nilifurahi kustaajabu pamoja na mtoto wangu.

Mwende naye akataka kutujaribu. Akanituma nje, nikasimame kando ya tangi la maji, kisha akampigia Kalondu, ambaye siku hizi ana duka la vyombo kule Athi River. Mama yangu alikuwa papo hapo sebuleni, akichambua maharagwe kwenye uteo. Anaishi nami sasa, mikono inamtetemeka kidogo lakini masikio ni mazima. Niliporudi ndani Mwende aliniuliza nani alivunja chupa. Mbuzi. Mlango upi? Wa nyuma. Simu ilikuwa wazi, na Kalondu akapiga kigelegele kutoka Athi River.

"Hiyo mbuzi," Mama akasema bila kuinua macho kwenye uteo, "ilikuwa imevaa shuka?"

Mwende akaisogeza simu karibu naye.

"Shuka ya Susu wenu ilikuwa imelowa chai mpaka magotini. Niliona nikiingia."

"Sasa ulituuliza ya nini, Mwaitu?" Kalondu akauliza kwenye simu, sauti imekuwa ya mtoto anayemwita mama yake kwa Kikamba.

"Nilikuwa nimechoka sana siku hiyo. Nilisema, mmoja akimtaja tu, nitamwacha aende Yatta na sitaona vibaya. Nikauliza huku, nikauliza kule. Hakuna aliyemtaja." Akapuliza makapi. "Nikaona huyu mzee ni wa hapa."

Susu alibaki kwetu hadi alipofariki, miguu yake baridi kati yetu wawili. Kalondu alilia kwenye simu, nami nililia kando ya meza, na haikuwa huzuni.

Enzi zetu kijiji kizima hakikuwa na simu, na bado niliweza kujua dada yangu anasema nini nyuma ya ghala. Leo kila mtu ana yake mkononi, watu wawili wanakaa kiti kimoja, na huwezi kujua mmoja anawaza nini juu ya mwenzake. Hapa Mumbuni hata ghala hakuna, ploti zote zimejengwa, muthokoi tunanunua ukiwa umekobolewa tayari. Nilikuwa nikiwaza hayo jioni ile ile, nikiwa peke yangu uani nikianua nguo, wakati niliposikia kitu kimepasuka jikoni. Nilimjua aliyekuwa huko na mikono yake inayotetemeka.

"Nini hiyo?" nikaita.

Sauti ya Mwende ikatoka jikoni, tulivu kabisa.

"Ni mbuzi, Mama."

Nikamwambia afagie vizuri, huyo mbuzi asije akajikata miguu.